Kurudisha maji ya bakwoshi kwa membreni kwenye mtambo wa maji ya kunywa: hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale. "Mkuu, kila siku tunaosha filta na maji yote yanaishia korongoni, hatuwezi kuyarudisha?" "Tukifunga UF si tunayapeleka tu kwenye tangi la maji safi?" "Membreni ni mpya na imeshaziba, tufanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwahiyo naandika hapa yote, ukiulizwa na mwenzako mtumie. Bakwoshi ni kuosha filta kwa kuipitishia maji kinyumenyume, na UF ni membreni, yaani chujio la nyuzi zenye vitundu vidogo sana.

Jibu fupi: ndiyo, inawezekana, na membreni yenyewe ndo sehemu rahisi. Kinachoangusha wengi ni tangi dogo la kupokelea, polima inayowekwa bila kufikiria membreni, na kurudisha maji mahali ambapo hayatakiwi kurudi. Ukiyaweka sawa hayo, UF itafanya kazi yake kimyakimya.

Ukubwa wa hii kitu uko hivi. Mtambo wa kawaida wenye shabu, klarifaya (tangi la kutulizia uchafu) na filta za mchanga unatumia kama asilimia 2 mpaka 5 ya maji yake kuoshea filta, na ukiwa na maji mabaya au filta zilizochoka inaweza kwenda mpaka 10. Chukua mtambo wa ukubwa wa Ruvu Chini, lita milioni 270 kwa siku: asilimia 3 ya hapo ni lita milioni 8. Sisemi wao wanamwaga kiasi hicho, ni hesabu tu ya kukuonyesha kwamba siyo maji ya kuchezea, manake hayo maji umeshayapampu, umeshayawekea shabu, mengine umeshayawekea na klorini.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Rekodi za kuosha filta za mwaka mzima, masika na kiangazi. Kama hamna, anza kuandika leo.
- Mita ya tabiditi (ukungu wa maji, unaopimwa kwa NTU) inayosoma vizuri chini ya 0.1 NTU, siyo ile ya kubahatisha.
- Maabara ya kupima yabisi zinazoelea, alumini, chuma, manganizi na pH. Kaboni hai pia ukiweza.
- Orodha ya kemikali ZOTE zinazoingia mtamboni, na karatasi zake kutoka kwa muuzaji. Nimeandika zote kwa herufi kubwa makusudi.
- Nafasi ya tangi, na mahali pa kupeleka tope litakalobaki.
- Umeme wa uhakika au jenereta, hata ya kuendesha pampu moja na valvu.
- Klorini ya maji, asidi ya sitriki, na vifaa vya kujikinga: glavu, miwani, buti, barakoa ya gesi.
- Mtu mmoja wa zamu atakayekuwa anaandika presha kila siku. Bila huyo usinunue membreni, nakwambia ukweli.

Hatua ya 1: Jua maji yako ya bakwoshi yakoje

Usichukue sampuli moja ukasema umepima. Filta inapooshwa, dakika mbili tatu za kwanza maji ni tope tupu, tabiditi inaweza kwenda mia kadhaa, halafu mwishoni yanatoka karibu meupe. Simama pale na chupa, chukua kila dakika mpaka mwisho wa osho, pima kila moja, halafu changanya zote upate wastani. Fanya hivyo kwa filta zaidi ya moja na kwa misimu tofauti, manake maji ya mto wakati wa masika siyo yale ya Septemba, na kama unachota Ziwa Victoria basi mwani ndo utakusumbua kuliko udongo.

Hesabu ujazo. Mfano ninaoutumia mpaka mwisho ni huu: mtambo wa mita za ujazo 10,000 kwa siku, filta 4, kila moja mita za mraba 20, zinaoshwa kila siku. Kasi ya kuosha ni mita 40 kwa saa kwa dakika 8. Hiyo ni kama mita za ujazo 107 kwa kila osho, mara nne ni kama 430 kwa siku, yaani asilimia 4.3.

Kitu ambacho watu wanasahau: yale maji ya kwanza baada ya kurudisha filta kazini, yale mnayoyamwaga robo saa hivi mpaka tabiditi itulie. Hayo siyo machafu kama ya bakwoshi. Yatenge na uyarudishe mwanzo wa mtambo kwa bomba lake, usiyachoshe membreni bure.

Hatua ya 2: Chunguza polima

Hapa ndo membreni nyingi zinafia. Mitambo mingi inaweka polima kusaidia shabu kukamata uchafu, na polima ikizidi haishikani na tope lote, inabaki inaelea, inakuja inajipaka kwenye membreni kama gundi na klorini haiitoi vizuri. Zile za chaji chanya ndo mbaya zaidi kwa sababu membreni nyingi zina chaji hasi juu yake, kwahiyo zinavutana.

Fanya jaa testi (kujaribu dozi tofauti kwenye vyombo vidogo) upya, tafuta dozi ndogo kabisa inayofanya kazi, na muulize muuzaji wa membreni kwa maandishi kama polima yako inakubalika. Akijibu kwa mdomo "haina shida" bila kuangalia jina la polima, huyo anauza tu. Na kuna sababu nyingine: polima za akrilamaidi zina mabaki kidogo ya akrilamaidi yenyewe, na hayo yameyeyuka kwenye maji, UF haiyakamati. Kila ukirudisha maji unayaongeza kidogo. WHO wameweka mwisho wa mikrogramu 0.5 kwa lita kwenye maji ya kunywa, kwahiyo dozi hesabu ukikumbuka hilo.

Hatua ya 3: Jenga tangi la kusawazisha, na usilibane

Bakwoshi inakuja kwa kishindo: mita za ujazo 107 ndani ya dakika 8. Membreni inataka maji kidogokidogo saa zote. Kinachokaa katikati ni tangi. Liwe na uwezo wa kupokea angalau maosho mawili yanayofuatana, manake opereta wa zamu ya asubuhi akikuta filta mbili zimeziba ataosha zote mbili, hatakusubiri wewe. Kwenye mfano wetu hiyo ni 214, jenga 250.

Amua mapema: unataka tope litulie chini au unataka lichanganyike? Ukitaka litulie, weka chini mteremko wa koni na bomba la kutolea tope, chota maji kwa juu. Ukitaka lichanganyike, weka mikisa ya taratibu. Kilicho kibaya ni tangi la chini bapa lisilo na mikisa, tope linatulia lenyewe, linakaa siku nyingi, linakosa hewa, linaanza kunuka, na manganizi iliyokuwa imeganda inayeyuka tena. Manganizi iliyoyeyuka inapita UF kama hakuna kitu, inaenda kugeuka nyeusi mbele kwenye klorini, na wateja wanapiga simu nguo zao nyeupe zimekuwa na madoa. Kwahiyo tope litolewe kila siku.

Hatua ya 4: Weka kichujio cha awali

Kila unapoosha filta, punje za mchanga zinatoka, na kama una antrasaiti (punje za makaa) ndo kabisa kwa vile ni nyepesi. Punje hizo zinakata nyuzi za membreni. Weka chujio la kujisafisha lenyewe, mikroni 200 mpaka 300 kwa membreni za presha, mpaka 500 kwa za kuzamisha. Fuata alichoandika mtengenezaji, garantii yake inaangalia hapo.

Hatua ya 5: Chagua membreni

Nyuzi za UF zina tundu katikati kama makaroni, ila nyembamba zaidi, na vitundu vya kwenye ukuta wake ni kama mikroni 0.01 mpaka 0.1. Kijidudu cha Cryptosporidium ni mikroni 4 mpaka 6, Giardia ni kubwa zaidi. Hawapiti, kama nyuzi ni nzima. Hiyo ndo sababu kubwa ya kutumia membreni badala ya kutuliza tu, kwa sababu Cryptosporidium klorini haimuui kwa dozi tunazotumia.

Kwa maji ya bakwoshi chagua aina ambayo maji yanatoka nje ya uzi kuingia ndani. Ukichukua ile inayoanzia ndani kwenda nje, tope linajaza tundu la uzi na hapo hutolitoa. Za kuzamisha tangini zinavumilia yabisi nyingi, za presha zinachukua nafasi ndogo na ni rahisi kufunga. Binafsi, kama tope ni jingi na tangi lipo, naenda na za kuzamisha. Nyenzo iwe PVDF, aina ya plastiki, inavumilia klorini.

Na tafadhali usije ukaniuliza kuhusu RO. RO ni ya chumvi, haivumilii klorini, na kuiwekea tope la shabu ni kuchoma hela.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya eneo

Watu wanachukua flaksi (maji yanayopita kwenye kila mita ya mraba ya membreni kwa saa) ya kwenye broshua, ya maji masafi, wananunua membreni nusu ya zinazotakiwa. Kwa bakwoshi anza na lita 30 mpaka 50 kwa mita ya mraba kwa saa, siyo 80.

Mfano wetu: mita za ujazo 430, tuendeshe saa 20 kwa siku, ni 21.5 kwa saa. Membreni nayo inajiosha kwa maji yake yenyewe, kwahiyo panga 24 kwa saa. Gawa kwa 40: lita 24,000 ÷ 40 = mita za mraba 600. Kama moduli moja (kifurushi cha nyuzi za membreni) ina 60, ni moduli 10. Zigawe mafungu mawili ili moja likiwa linaoshwa lingine linafanya kazi.

Ukirudisha asilimia 90 unapata kama mita za ujazo 387 kwa siku. Hizo ni ndoo za lita ishirini zaidi ya elfu kumi na tisa. Zile 43 zinazobaki ni tope, nalo lina hatua yake chini.

Hatua ya 7: Pailoti

Hili ni jaribio dogo kabla hujanunua. Kodi au azima moduli moja, iendeshe kwa maji yako mwenyewe, na lazima masika iwemo. Pailoti ya kiangazi tu inadanganya. Ukilazimika kuruka hatua moja kwenye huu mwongozo, hii siyo.

Hatua ya 8: Kuwasha mara ya kwanza

1. Safisha mabomba yote KABLA ya kufunga moduli. Vipande vya plastiki na vyuma vya mafundi viko mle ndani.
2. Suuza membreni mpaka gliserini iliyokuja nayo iishe, maji hayo mwaga.
3. Fanya kipimo cha hewa: jaza hewa kwa presha aliyotaja mtengenezaji, mara nyingi karibu bar 1, funga, angalia inashuka kwa kasi gani kwa dakika 5 mpaka 10. Andika. Hiyo ndo namba utakayolinganisha nayo miaka yote.
4. Anza kwa nusu ya flaksi kwa siku kadhaa, halafu panda taratibu.
5. Andika TMP, yaani tofauti ya presha kati ya pande mbili za membreni, pamoja na joto la maji. Siku ya kwanza ni muhimu kuliko siku ya mia.

Hatua ya 9: Mzunguko wa kila siku

Chuja dakika 20 mpaka 60, halafu membreni ijioshe kinyumenyume sekunde 30 mpaka 60 ikisaidiwa na hewa ya blowa. Tope likijaa kwenye tangi la membreni litoe. Mara moja kwa siku au kila baada ya siku chache, osho dogo la kemikali: klorini miligramu 100 mpaka 200 kwa lita, loweka dakika 10 hadi 20, suuza.

Angalizo la HTH. Najua mitambo mingi huku ina ile poda ya ndoo na watu wanataka kuitumia hapa. Ile ni klorini ya kalsiamu, ina mabaki yasiyoyeyuka na kalsiamu yake inaganda kwenye membreni ikawa gamba. Tumia klorini ya maji, ile ya sodiamu. Ukikosa kabisa, koroga HTH siku moja kabla, acha itulie, chota juu tu, uichuje, na ujiandae kuosha kwa asidi mara nyingi zaidi.

Hatua ya 10: Rudisha maji mahali pake

Maji yaliyopita UF yana tabiditi chini ya 0.1, yanang'aa kuliko hata ya filta zako, na hapo ndo tamaa inaanza. Usiyapeleke kwenye tangi la maji safi. Yarudishe mwanzo wa mtambo, kabla shabu haijaingia, yapite hatua zote tena. UF inakamata chembe na vijidudu, lakini vilivyoyeyuka vinapita: manganizi, akrilamaidi, kaboni inayotengeneza sumu ikikutana na klorini. Na siku uzi ukikatika hutajua dakika ileile.

Hili siyo la kutishana. Mwaka 1993 Milwaukee kule Marekani watu wanaokadiriwa 403,000 waliugua kwa Cryptosporidium kutoka maji ya bomba, na mtambo uliohusika ulikuwa unarudisha maji ya bakwoshi bila ya membreni. Waliochunguza walilitaja hilo kama moja ya mambo yaliyoweza kuongeza mzigo. Uingereza nako walishaugua 1989, Swindon na Oxfordshire, na urudishaji wa bakwoshi ukanyooshewa kidole. Mwaka 2001 Wamarekani wakatoa kanuni kwamba maji haya yarudi yapite hatua zote za mtambo. Waingereza wana kipimo chao ambacho nakipenda kwa urahisi wake: yanayorudi yasizidi asilimia 10 ya maji ghafi, na tabiditi yake iwe chini ya 5. Kwa UF hiyo 5 ni kazi ndogo, shida iko kwenye 10, manake usiku mkipunguza pampu za inteki (za kuchotea maji ghafi) na maji ya kurudi yakabaki vilevile, asilimia inapanda bila mtu kujua. Funga pampu ya kurudishia ifuate mtiririko wa inteki.

Maji ya kurudi yaende taratibu saa zote. Ukiyamwaga kwa mkupuo dozi ya shabu inayumba na filta zinapitisha uchafu.

Na jambo la mwisho hapa: maji ya osho la kemikali, ya klorini kali au asidi, HAYARUDI. Yazimue makali, yaende kwenye taka.

Hatua ya 11: Tope

Peleka kwenye bwawa la tope au vitanda vya kukaushia. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye bwawa la tope usiyaunganishe kwenye tangi la membreni kabla hujayapima manganizi. Kibali cha kumwaga na cha kubadilisha mtambo kiulizie kwa mdhibiti wako mapema, siyo ujenzi umeisha.

Hatua ya 12: Osho kubwa

TMP ikipanda na maosho madogo hayaishushi, loweka kwa saa kadhaa kwenye klorini kama miligramu 500 kwa lita kwa ajili ya mwani na uchafu hai, suuza, halafu asidi ya sitriki asilimia 1 mpaka 2 kwa ajili ya chuma, alumini na manganizi. Maji ya vuguvugu yanasaidia sana.

ONYO: klorini na asidi zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua mtu. Suuza katikati mpaka upime klorini usiikute, matangi yawe mawili tofauti, mabomba mawili tofauti, na usimwachie kazi hii mtu mmoja peke yake usiku.

Ikigoma, anzia hapa

*Presha inapanda haraka baada ya kila kujiosha.* Flaksi ni kubwa au tope limejaa. Shusha flaksi robo, toa tope, angalia blowa kama inapuliza kweli. Ukikuta utelezi kwenye nyuzi ukizishika, ni polima, rudi hatua ya 2.

*Klorini haisaidii, asidi inasaidia.* Ni shabu au chuma. Angalia pH ya mtambo, alumini inayeyuka pH ikiwa juu sana au chini sana, halafu inaganda kwenye membreni.

*Mabomba ya maji yaliyochujwa yanakuwa meusi ndani.* Manganizi. Tope linakaa muda mrefu mahali fulani, litafute.

*Tabiditi ya maji yaliyochujwa imepanda ghafla.* Kwanza angalia mita, mara nyingi ni povu la hewa au kioo kichafu. Kama siyo mita, simamisha kurudisha, fanya kipimo cha hewa, tafuta moduli inayotoa mapovu, ziba uzi uliokatika kwa pini. Nyuzi zikikatika mara kwa mara, chujio la awali limetoboka.

*Asubuhi maji yanatoka machache, mchana yanarudi.* Uko Njombe au Limuru? Maji ya nyuzi joto 12 ni mazito kwa karibu asilimia 40 kuliko ya nyuzi joto 25, membreni haijaziba. Ndo maana nilisema andika joto.

*Umeme umekatika muda mrefu.* Membreni isikauke, ikikauka vitundu vinajifunga. Acha imezama kwenye maji yaliyochujwa yenye klorini kidogo, uyabadilishe kila siku. Ukijua mtambo utasimama wiki kadhaa, toa klorini yote kwanza kisha ihifadhi kwa bisulfaiti ya sodiamu kwa kipimo cha mtengenezaji.

*Tangi la kusawazisha linafurika kila Jumatatu.* Nenda kaangalie ratiba ya zamu, kuna mtu anaosha filta zote nne mfululizo ili awahi kumaliza.